Nani atazichora herufi za Tunduma?

Lori linalosubiri kuvuka kwenda Nakonde hukaa foleni kiasi cha kutosha kusomwa. Sisemi namba ya usajili, wala stika za kioo cha mbele zinazotangaza timu ya mwenye gari na dini yake. Nasema mlango wa kichwa, pale chini ya kioo: jina la mwenye mali, sanduku la posta, uzito wa gari likiwa tupu. Yote kwa brashi, yote kwa herufi kubwa. Nyeupe juu ya buluu, au njano yenye kivuli chekundu kinacholalia kulia. Mistari mitatu imebanwa mahali pasipofika nusu mita, na bado mtu aliye ng'ambo ya barabara anaisoma bila kukunja uso.

Ukitoka Mpemba ukapita Chapwa kuingia mjini, maandishi ya namna hiyo yanakusindikiza: PANCHA, KUJAZA UPEPO, VIPURI, MAHINDI YA JUMLA, kinyozi, saluni, mama lishe, wabadilishaji wa kwacha. Kuna ukuta unaokukataza kukojoa na kukutajia faini yake, na kuna ule unaoapa kwamba NYUMBA HII HAIUZWI, jihadhari na matapeli. Hakuna anayeyaita sanaa. Mwenye duka akipata hela kidogo hutundika bango la fleksi juu yake, na kazi ya fundi inabaki nyuma ya plastiki.

Kwingineko maandishi ya aina hii yamegeuka mgodi. Karibu mwaka 2010, mbunifu Julieta Ulanovsky wa Buenos Aires, Argentina, alianza kuchora fonti akitazama mabango ya kale, vibao vya maduka na maandishi ya kuta katika mtaa aliokuwa akiishi, Montserrat. Mtaa ulikuwa unabadilika, vibao vinashushwa, naye alijua kibao kikishashushwa hakirudi. Mwaka 2011 aliomba mchango wa umma kupitia Kickstarter ili amalize kazi, kisha fonti ikaachiwa bure kwenye maktaba ya fonti ya Google. Jina la fonti ni jina la mtaa.

Leo Montserrat imo kwenye Canva, imo kwenye simu za vijana wanaotengeneza kadi za michango ya harusi, imo kwenye kompyuta za maduka ya kuprinti mabango. Ina O ya mduara na herufi kubwa zilizojitanua kama mtu aliyekaa siti mbili za basi. Ukishaijua utaiona kila mahali: mkutano wa injili, duka la pembejeo, mahafali ya kidato cha nne, mgombea udiwani. Kwa hiyo kijana wa Tunduma anayeprinti bango jipya na kulitundika juu ya ukuta ulioandikwa kwa mkono huenda anafunika herufi za mtaani kwake kwa herufi za kale za mtaa wa Argentina, na hajui, na mteja wake hajui, na wote wawili wanasema bango limetoka kisasa.

Sina ugomvi na Ulanovsky. Nina wivu.

Wala si lazima uwe na bango ili kukutana na herufi zilizofufuliwa. Barua ya maombi ya kazi inayopelekwa Vwawa, makao makuu ya mkoa tangu Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mara nyingi huandikwa kwa Times New Roman, saizi 12, kwa sababu ndivyo mwombaji alivyozoeshwa chuoni. Fonti hiyo ilianza kutumika Oktoba 1932 kwenye gazeti la The Times la London. Stanley Morison aliisimamia. Aliyeichora ni Victor Lardent, mchoraji wa idara ya matangazo ya gazeti hilo. Lakini mzizi wake ni wa zamani zaidi. Unapitia fonti iitwayo Plantin, iliyotolewa na kampuni ya Monotype mwaka 1913, hadi kwenye herufi alizochonga Mfaransa Robert Granjon katika karne ya 16. Watu wa Monotype walizipata kupitia kitabu cha vielelezo ambacho Makumbusho ya Plantin-Moretus, mjini Antwerp, yalikuwa yamekichapa mwaka 1905.

Kitabu cha vielelezo ndicho kilichokuwa duka la mchonga herufi. Ndani yake kila mtindo na kila saizi ilioneshwa kwa mistari michache ya kuonjea, mwenye mtambo wa kuchapa akachagua na kuagiza. Na maneno hayo ya kuonjea hayakuwa bure. William Caslon wa London alipotoa karatasi yake ya vielelezo mwaka 1734, alionesha herufi zake kwa hotuba ya Cicero, kwa Kilatini, ambayo neno lake la kwanza linaanza kwa Q. Wachapaji wengine nao wakashika hotuba hiyohiyo, na Q ikawa herufi ya kujishaua, kila mchonga herufi akiirefushia mkia apendavyo.

Kiswahili hakina Q. Hakina X. C haijui kutembea bila H. Ukichukua vielelezo vya Ulaya na kuviuliza vinasemaje kuhusu lugha yetu, jibu ni kwamba havikuwahi kuulizwa. Hapa ndipo ninapoona mlango wa lori una jambo la kumfundisha mchora fonti.

Chukua neno linaloandikwa Tunduma pengine kuliko mengine yote siku hizi: WAKALA. Herufi sita, tatu kati yake ni A. Ziandike kwenye kompyuta kwa fonti ya bure isiyotunzwa vizuri, kisha ukuze neno lijae ukuta. Mkono wa mwisho wa W unapanda kuelekea kulia, na mguu wa kwanza wa A nao unapanda kuelekea kulia. Viwili hivyo vinakwenda sambamba, na kati yao kunabaki mfereji mweupe wa mshazari. A ikitoka kwenda kwa K, kunafunguka pengo juu. K ikikutana na A, miguu yao inagongana chini. L inapofika kwenye A ya mwisho ndipo balaa lenyewe: mguu wa L unakanyagana na mguu wa A, halafu juu yake kunabaki uwazi wa kupitisha baiskeli. Ukisimama mbali unasoma WAKAL, kisha A iliyoachwa nyuma.

Fundi wa brashi hana tatizo hilo, kwa sababu hanunui A iliyokwisha kukatwa. Anavuta mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki. Hakimbilii W; kwanza anahesabu herufi, anatafuta katikati ya ukuta, anaonja neno zima kwa chaki au penseli huku akirudi nyuma hatua kadhaa kulitazama. A ya kwanza anaisogeza hadi chini ya bega la W. Mguu wa K anauinua kidogo. Mguu wa L anaukata, wakati mwingine hadi nusu ya upana wake, na hakuna mpita njia anayeona kwamba L hiyo ni kilema. Kisha anachovya brashi bapa kwenye rangi ya mafuta na kuanza. Ukipima A tatu za kwenye ukuta huo kwa rula utakuta hazilingani upana, lakini jicho linaziona sawa.

Fonti nzuri nazo zina jedwali la jozi linaloiambia kompyuta isogeze herufi fulani karibu na nyingine. Lakini anayelitengeneza hutumia macho yaliyolelewa na lugha yake. Mzungumzaji wa Kiingereza atahangaika na AV na To. Sisi kwa herufi kubwa tunaishi ndani ya WA, YA, KA, LA, KWA, VYA. Viunganishi vyetu na viambishi vyetu vya ngeli vimejaa herufi za mshazari. VYAKULA VYA KWAYA, ukitaka kumtesa mchora fonti, mpe hayo aandike kwa herufi kubwa. Mkono wa fundi wa Tunduma umekwisha kuyajibu maswali hayo mara nyingi sana, na majibu yapo hadharani, juu ya mabati na plasta, kwa yeyote mwenye simu yenye kamera.

Kanga nayo ina somo lake. Katika kisanduku cha jina, ambacho upana wake haubadiliki sana, mchoraji hulazimika kuweka msemo wa maneno mawili leo na msemo wa maneno saba kesho. Mfupi hutanuliwa, mrefu hubanwa hadi herufi zinakuwa nyembamba kama mabua. Wafanyabiashara wamekuwa wakijua thamani ya maandishi hayo tangu zamani: duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, limekuwa likiweka alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake, na mnunuzi huyatafuta kabla ya kuuliza bei. Tunduma haina bahari, lakini sokoni kwake kanga zipo tele, na kila jozi ni ukurasa wa kitabu cha vielelezo ambacho hakijajalidiwa.

Halafu kuna magunia. Mbozi ni nchi ya kahawa, na gunia la kahawa haliandikwi kwa brashi bali hupigwa chapa kwa rangi kupitia kibao kilichotobolewa herufi. Kibao hicho kina sheria kali kuliko ukuta. Ukitoboa O yote, kati yake itadondoka; ukitoboa A, pembetatu yake ya ndani itaondoka nayo. Ndiyo maana mkataji huacha vidaraja vidogo vya kushikilia vipande vya ndani. Neno KAHAWA linahitaji vidaraja kwenye A zote tatu. Ukitazama kwa karibu gunia lililopigwa chapa utaona rangi imevujia kwenye nyuzi, kingo zimelegea, lakini vidaraja vimesimama. Marekani mwaka 1937 wabunifu wawili, Gerry Powell na R. Hunter Middleton, kila mmoja kwa kampuni yake, walitoa fonti za aina hiyo mwaka uleule, na yale yaliyokuwa maandishi ya makasha na mizigo yakaingia kwenye filamu na mabango ya jeshi. Chapa ya gunia la Mbozi ingeweza kutoa fonti yake bila kuomba ruhusa ya mtu wa Marekani.

Wenzetu waliofanya hivyo wamefanya kwa namna tofauti. Tobias Frere-Jones alizunguka Manhattan akipiga picha maandishi ya majengo, na mfano wake mkubwa ulikuwa herufi za stendi ya mabasi ya Port Authority. Gotham iliyotoka hapo mwaka 2000 ndiyo iliyoandika mabango ya kampeni ya Obama mwaka 2008. Herufi za stendi! Tré Seals wa Washington alianzisha Vocal Type mwaka 2016, na fonti yake iitwayo Martin imetokana na mabango ya mgomo wa wazoa taka wa Memphis wa mwaka 1968, ule ambao Martin Luther King alikwenda kuuunga mkono.

Lakini wa karibu zaidi na hali yetu ni marehemu Hanif Kureshi wa India. Yeye hakupiga picha na kuondoka. Aliwaendea mafundi wa mabango wa mitaani, ambao fleksi ilikuwa inawanyang'anya riziki, akawaomba wamwandikie alfabeti nzima, kila mmoja kwa mtindo wake wa vivuli na rangi. Herufi hizo akaziingiza kwenye kompyuta, na fonti ikaitwa kwa jina la fundi aliyeiandika. Fundi akapata mgawo wa mauzo. Hapo ndipo ninapotaka Songwe ianzie, kwa sababu njia nyingine ni ile tunayoijua: mgeni mwenye kamera nzuri, fonti yenye jina la kuvutia, fundi asiyetajwa.

Ipo na hatari nyingine, ya kuuziwa Uafrika uliotengenezewa mbali. Mwaka 1923 Mjerumani Rudolf Koch alichonga Neuland, herufi nene za pembe, akizikata moja kwa moja kwenye chuma bila kuzichora kwanza. Hazikuwa na uhusiano wowote na Afrika. Lakini kwa sababu zinaonekana kama zimechongwa kwa shoka, zikabandikwa kwenye majalada ya vitabu kuhusu bara hili, kwenye filamu ya dinosaria, Jurassic Park, mwaka 1993, na kwenye vipeperushi vya safari za mbuga vinavyochapwa hata hapahapa nchini. Mlango wa lori la Tunduma haufanani na Neuland hata kidogo. Fundi wetu anapenda unadhifu: pembe zilizonyooka, kivuli kilichopimwa, mstari mwembamba mweupe wa kung'arisha. Anayetaka fonti iliyochakaa, yenye matone ya rangi na kingo zilizomeguka, ajue hiyo ni ladha yake mwenyewe. Rangi ikivuja, fundi hufuta na kurudia.

Nikirudi kwenye herufi zenyewe, fonti ya Songwe ingekuwa na wajibu ambao ya Buenos Aires haikuwa nao. Alama ya ng' ni mojawapo. Kwenye ukuta wa bucha, kialama cha ng'ombe ni mkwaju mfupi ulionyooka, umekaa karibu na G kwa sababu fundi anajua ni sehemu ya sauti. Kompyuta huitazama kama alama ya kufunga nukuu, huipinda na kuiachia nafasi, na neno linakatika katikati.

Mkoa huu una lugha zake pia: Kinyamwanga huku Momba na Tunduma, Kinyiha Mbozi, Kindali Ileje. Mmisionari Mmoravian Traugott Bachmann alikuwa akiandika Kinyiha kule Mbozi mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema lugha hizi ni ngeni kwa wino. Kimalila, cha milima ya Umalila upande wa Mbeya, huandikwa kwa irabu zaidi ya tano, na miongoni mwake zimo ɨ na ʉ, zilizokatwa na mstari. Fonti nyingi zinazoiga vibao vya kale hazina herufi hizo. Ukiziandika, kompyuta inaziazima kwenye fonti nyingine na neno linaonekana limeshonewa kiraka. Shirika la SIL, ambalo limefanya kazi ya maandishi na lugha za nyanda hizi, lina fonti zenye herufi hizo, mojawapo ikiitwa kwa Kiswahili, Andika, iliyochorwa kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma: a na g zake ni zile ambazo mtoto hufundishwa kuandika kwa mkono. Ni fonti ya darasani, haikukusudiwa kuuza vipuri. Lakini leseni huria ya SIL ndiyo ambayo hata Montserrat imetolewa chini yake, na inaruhusu mtu kutumia, kurekebisha na kugawa.

Kazi yenyewe haina gharama ya kutisha. Programu ya FontForge ni ya bure. Picha ipigwe ukiwa umesimama sawasawa mbele ya herufi, kamera isiinuliwe kutoka chini, rula ikiwa imebandikwa pembeni. Herufi hiyohiyo ikusanywe kutoka kazi kadhaa za fundi mmoja, maana A moja haitoshi kukuambia mkono wake. Jina la fundi liulizwe hapohapo, na makubaliano ya fedha yaandikwe kabla ya fonti, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa za kuchora, ila ni vigumu kumlinda mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Haraka inahitajika pia. Tangu Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kilipozinduliwa Oktoba 2019, mji umezidi kujengwa upya kuizunguka barabara, na plasta mpya haina huruma na maandishi ya zamani.

Tarakimu hazitakuwa tatizo. Kila bango lina namba ya simu, kwa hiyo hakuna kitu ambacho mafundi wa Tunduma wamekiandika mara nyingi kama sifuri na saba, na 7 zao zenye shingo iliyopinda zinastahili fonti peke yake. X nayo ipo, ingawa Kiswahili hakiijui: ni ile nyekundu inayopigwa kwenye nyumba zilizoingia hifadhi ya barabara, kwa mkono wa haraka, brashi pana, bila chaki wala uzi. Q italazimika kubuniwa, na sioni ubaya kama itabuniwa bila mkia wa Caslon.

Upungufu mkubwa ni herufi ndogo. Milango ya malori haina hata moja, kuta za maduka zina chache. Ila fundi yuleyule anayeandika PANCHA huitwa likizo inapofika kuchora kuta za madarasa ya awali: a e i o u kwa rangi tano, kikombe, samaki, ng'ombe mwenye jina lake chini ya miguu. Huko ndiko pa kwenda kuitafuta g ya Tunduma.